Bomba la Mwanzi na Kitenzi "Kunyonya": Utengenezaji wa Bomba Sahili la Maji na Ufafanuzi Wake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua utengenezaji wa bomba sahili la kuvutia na kurushia maji kwa kutumia pingili ya mwanzi, kijiti na kitambaa cha pamba, na yanaeleza namna bomba hilo linavyofanya kazi. Bomba linalozungumziwa si chombo cha tiba. Hoja kuu ni kwamba vitenzi vya kila siku vinavyotumika kulieleza, yaani kunyonya na kuvuta, vinafaa katika kutoa maelekezo ya kazi lakini vinapotosha katika kueleza sababu, kwa kuwa vinamfanya mtu au bomba kuwa mtenda wa tendo ambalo kwa hakika hutendwa na angahewa. Makala yanaonesha kwamba sarufi na istilahi za Kiswahili zinajitosheleza kuondoa upotoshaji huo. Aidha, yanaonesha kwamba upotoshaji wenyewe una gharama, kama inavyodhihirika katika suala la kupandisha maji kutoka visima virefu.

Maneno ya msingi: bomba, kizibo, kanieneo, angahewa, kunyonya, ufafanuzi wa sayansi kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Bomba la sindano ni chombo ambacho takriban kila mzungumzaji wa Kiswahili amekutana nacho, aghalabu tangu siku ya chanjo ya kwanza. Kwa umbo, ni silinda yenye tundu jembamba upande mmoja na kizibo kinachoteleza ndani yake kutokea upande wa pili. Umbo hilo ni kongwe kuliko tiba ya sindano. Heron wa Alexandria, katika karne ya 1 BK, alieleza chombo cha namna hiyo kilichotumika kutoa usaha kwenye majeraha. Sindano ya kupenyeza dawa chini ya ngozi ilikuja baadaye sana, hususani kutokana na kazi za Charles Pravaz nchini Ufaransa na Alexander Wood huko Edinburgh mwaka 1853. Kwa hiyo, bomba linaweza kutengwa na sindano na likachunguzwa lenyewe, kama chombo cha kuhamisha maji.

Uchunguzi huo una umuhimu wa pekee katika ufundishaji wa sayansi kwa Kiswahili. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili, na huko ndiko anakokutana kwa mara ya kwanza na dhana ya kanieneo ya hewa. Dhana hiyo ni ngumu kwa sababu hewa haionekani, na uzito wake hauhisiki mkononi. Shule isiyo na maabara inaweza kuifundisha kwa bomba la mwanzi, ambalo halihitaji kununuliwa. Hata hivyo, kuwa na chombo mkononi hakutoshi. Mwanafunzi anaweza kutengeneza bomba linalofanya kazi vizuri, akacheza nalo mwaka mzima, na bado akabaki na maelezo yasiyo sahihi kuhusu kinachotokea ndani yake. Chanzo kimojawapo cha hali hiyo ni kitenzi anachokitumia.

Makala haya yanaanza na istilahi za sehemu za bomba, kisha yanaeleza utengenezaji na upimaji wake. Baada ya hapo yanafafanua utendaji wa bomba, yanachambua vitenzi vinavyohusika, na yanahitimisha kwa kuonesha matokeo ya uchambuzi huo nje ya darasa.

2.0 Istilahi za Sehemu za Bomba

Neno bomba liliingia katika Kiswahili kutoka Kireno, na limepanuka kimaana kiasi cha kuhitaji uangalifu. Bomba ni mrija wa chuma au plastiki upitishao maji. Bomba ni mahali pa kuteka maji hayo. Bomba ni chombo cha mkulima cha kupulizia dawa. Na bomba la sindano ni chombo cha muuguzi. Katika matumizi ya mitaani neno hilohilo huwa ni sifa ya kitu kizuri. Maana mbili za mwanzo zinahusu njia ya maji, ilhali zile za mkulima na muuguzi zinahusu chombo chenye kutia maji mwendo. Katika makala haya, bomba ni chombo kizima chenye kutia maji mwendo. Mwili wake wenye uwazi unaitwa mwanzi, kwa jina la kitu unachotengenezwa nacho.

Kijiti kinachoingizwa ndani ya mwanzi kinaitwa mchi. Fundi wa magari hutumia neno pistoni, nalo limekwishazoeleka, lakini mchi una faida mbili: unamkumbusha msomaji tendo analolijua la kupandisha na kushusha ndani ya kinu, na unatenganisha kijiti chenyewe na kile kinachokizunguka nchani. Kile kinachokizunguka nchani, yaani kitambaa kinachoziba nafasi kati ya mchi na ukuta wa mwanzi, kinaitwa kizibo. Utenganisho huu ni wa lazima kwa sababu, kama itakavyoonekana, makosa mengi ya bomba hutoka kwenye kizibo na si kwenye mchi. Mahali maji yanapoingilia na kutokea panaitwa tundu.

Kwa upande wa dhana, makala yanatumia kanieneo kwa maana ya kani inayogawanywa kwa eneo inapotenda. Istilahi hii imeundwa kwa uwazi, kwa kuwa sehemu zake mbili, kani na eneo, zinaonesha namna ya kukokotoa. Maneno mengine yanayoshindana nayo ni shinikizo, mgandamizo na presha. La mwisho limefungamana mno na maradhi, kiasi kwamba mwanafunzi akiambiwa hewa ina presha huenda akaitafsiri kwa namna nyingine kabisa. Nafasi isiyo na kitu chochote, hata hewa, inaitwa ombwe.

3.0 Utengenezaji wa Bomba

3.1 Vifaa

Kinachohitajika ni pingili moja ya mwanzi uliokomaa na kukaushwa kivulini, yenye urefu wa sentimita 25 hivi na uwazi wa ndani wenye kipenyo cha sentimita 2, kijiti kilichonyooka chenye urefu wa sentimita 35, ukanda wa kitambaa laini cha pamba, kama vile kipande cha khanga kuukuu, uzi imara, na mafuta kidogo ya nazi au ya kupikia. Zana ni msumeno, kisu, msasa, koleo na msumari mwembamba. Mwanzi mbichi haufai, kwa kuwa husinyaa na kupasuka unapokauka. Katika mikoa kama Iringa na Njombe, ambako mianzi hugemwa ulanzi, pingili hazina shida kupatikana. Mahali pasipo na mianzi, kipande cha bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme kinafaa, na kizibo chake kinaweza kukatwa kutoka kwenye soli ya kandambili.

3.2 Hatua

Mwanzi hukatwa kwa namna ambayo upande mmoja unabaki na kifundo, na upande wa pili unabaki wazi. Msumeno hupitishwa nje ya kifundo, kiasi cha sentimita moja kutoka kilipo, ili ukuta wa ndani wa kifundo usidhurike; ukuta huo ndio kitako cha bomba. Upande ulio wazi hukatwa kabla ya kufikia kifundo kinachofuata. Ndani ya mwanzi husuguliwa kwa msasa uliozungushiwa kijiti, mpaka ukuta uwe laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatua hii haionekani kwa nje, na kwa sababu hiyo hupuuzwa, lakini ukwaruzo mmoja unaokwenda kwa urefu wa mwanzi ni mfereji wa kupitisha hewa kando ya kizibo.

Tundu hutobolewa katikati ya ukuta wa kifundo kwa msumari uliotiwa moto na kushikwa kwa koleo. Kazi hii hufanywa na mtu mzima au chini ya uangalizi wake. Kipenyo cha tundu kinachofaa ni milimita 2. Tundu likiwa kubwa zaidi, maji hutoka mengi lakini hayaendi mbali; likiwa dogo zaidi, ujazaji huchukua muda mrefu na takataka ndogo huliziba.

Mchi huchongwa uwe na unene wa sentimita moja na nusu hivi, ili uteleze ndani ya mwanzi bila kugusa kuta. Karibu na ncha yake hukatwa mikato miwili ya mviringo, yenye umbali wa sentimita 3 kati yake. Kitambaa hukunjwa na kuzungushwa juu ya sehemu iliyo kati ya mikato hiyo, kisha hufungwa kwa uzi unaokaa ndani ya mikato ili kisichomoke kinapovutwa. Kizibo kikavu kinapaswa kuingia mwanzini bila kulazimishwa. Kikiloweshwa, pamba hufura na kujaza nafasi iliyobaki. Kizibo kinachobana sana kikiwa kikavu hukwama kikilowana, na mtu anayekilazimisha hupasua mwanzi. Mafuta hupakwa mwishoni, kwa kiasi kidogo, ili kupunguza msuguano na kuziba vinyweleo vya kitambaa.

3.3 Upimaji wa Bomba

Bomba likikamilika hupimwa kwa majaribio matatu, na kila moja linafichua kasoro tofauti. Katika jaribio la kwanza, tundu huzibwa kwa kidole na mchi huvutwa kiasi cha sentimita 3, kisha huachiwa. Kizibo kilicho imara humfanya mchi urudi wenyewe. Usiporudi, ama hewa imeingia kupitia kando ya kizibo, ama msuguano umezidi. Mafuta yakiongezwa na hali ikabaki vilevile, basi kosa ni la hewa.

Katika jaribio la pili, bomba hujazwa maji na kushikwa tundu likiwa limeelekea chini, bila kusukuma mchi. Bomba zuri halidondoshi maji ingawa tundu liko wazi. Likidondosha tone baada ya tone, hewa inaingia kwa juu kupitia kizibo, na maji yanaipisha. Jaribio hili hushangaza wanafunzi, na mshangao huo ni mwanzo mzuri wa ufafanuzi unaofuata katika sehemu ya 4.0.

Jaribio la tatu ni la ujazo. Kwa kipenyo cha sentimita 2, eneo la ndani la mwanzi ni sentimita za mraba 3.14. Mchi ukivutwa sentimita 20, nafasi inayofunguka ni mililita 63 hivi. Chupa ya mililita 500 inapaswa kujaa kwa mikupuo minane. Ikijaa kwa mikupuo tisa, kila mkupuo umeleta mililita 56 tu, na tofauti imechukuliwa na hewa iliyopenya. Kwa njia hiyo mwanafunzi anapata kipimo cha ubora wa kazi yake kwa tarakimu.

4.0 Namna Bomba Linavyofanya Kazi

4.1 Mkupuo wa Kujaza

Kabla mchi haujavutwa, kizibo kimegusa kitako na tundu limezamishwa katika ndoo ya maji. Angahewa inakandamiza uso wa maji ya ndoo kwa kanieneo ambayo, katika usawa wa bahari, ni takriban paskali 101,325, yaani kani ya nyutoni 10 hivi kwa kila sentimita moja ya mraba. Mchi unapovutwa, nafasi kati ya kizibo na kitako hupanuka. Hewa chache iliyokuwamo husambaa katika nafasi kubwa zaidi, na kanieneo yake hupungua. Juu ya maji ya ndoo kanieneo imebaki ileile. Kwa kuwa nje inazidi ndani, maji husukumwa kupitia tundu mpaka tofauti hiyo iishe.

Inafaa kutambua alichokifanya anayevuta mchi. Hakuyagusa maji. Ameondoa kizuizi upande mmoja, na kazi ya kuyapandisha maji imefanywa na angahewa upande wa pili. Kani anayoihisi mkononi inatokana na angahewa hiyohiyo, inayokandamiza kizibo kwa nje. Tundu likizibwa kabisa, kani hiyo hufikia nyutoni 32 hivi kwa mwanzi wa vipimo vilivyotajwa, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 3 na ziada, achilia mbali msuguano. Hiyo ndiyo sababu mchi hurudi wenyewe katika jaribio la kwanza: haurudishwi na kitu kilichomo ndani, bali husukumwa na hewa iliyo nje. Vivyo hivyo, katika jaribio la pili, maji hayadondoki kwa sababu hewa iliyo chini ya tundu inayakandamiza kuelekea juu, na hakuna hewa juu yake ya kushindana nayo.

Maelezo hayo yanaeleza pia kwa nini pupa haifai. Maji hupita kwenye tundu la milimita 2 kwa kasi yenye kikomo, kwa kuwa tofauti ya kanieneo inayoyasukuma haiwezi kuzidi ile ya angahewa nzima. Mtu akivuta mchi upesi kuliko maji yanavyoweza kuingia, kanieneo ya ndani hushuka mno, na hewa hutafuta njia kupitia kizibo. Matokeo yake ni bomba lililojaa nusu maji, nusu mapovu.

4.2 Mkupuo wa Kurusha

Mkupuo wa kurusha una maelezo mepesi zaidi. Mkono husukuma mchi, mchi husukuma kizibo, kizibo husukuma maji, na maji hayana pa kwenda isipokuwa tunduni. Eneo la mwanzi ni mara 100 ya eneo la tundu, hivyo kasi ya maji tunduni ni mara 100 ya kasi ya mchi. Mchi ukienda sentimita 10 kwa sekunde, maji hutoka kwa mita 10 kwa sekunde, kasi inayoweza kuyafikisha takriban mita 5 juu kama hakuna ukinzani wa hewa. Kani inayohitajika ni nyutoni 16 hivi, bila kuhesabu msuguano. Mtu akiongeza kani, maji huenda mbali zaidi, na kikomo chake ni uimara wa mwanzi na wa mkono.

5.0 Vitenzi vya Bomba

Mikupuo hiyo miwili, ya kujaza na ya kurusha, inafanana kwa mwendo lakini haifanani kwa sababu. Lugha ya kila siku, hata hivyo, inaieleza kana kwamba ni pande mbili za tendo moja: bomba linavuta, kisha linasukuma. Tuzingatie sentensi zifuatazo:

(1) Bomba linanyonya maji.
(2) Fundi anavuta maji kwa bomba.
(3) Maji yanapanda bombani.
(4) Maji yanasukumwa na angahewa kuingia bombani.

Katika sentensi ya (1), kiima ni bomba, na kwa mujibu wa kitenzi, bomba ndilo mtenda. Maana ya msingi ya kunyonya ni ya mtoto na ziwa la mama, tendo lenye mdomo na utashi. Kitenzi hicho kinapohamishiwa kwenye bomba, kinahamisha pia picha ya kitu kinachofikia maji na kuyaleta kwake. Sentensi ya (2) inamrudisha mtu katika nafasi ya mtenda, lakini inayafanya maji kuwa yambwa ya kuvuta, kama vile yana kamba. Kilichovutwa ni mchi. Sentensi ya (3) haina kosa la ukweli, maji yanapanda. Lakini inanyamaza kuhusu kinachoyapandisha, na mwanafunzi hujaza ukimya huo kwa picha aliyonayo tayari, ambayo ni ile ya (1).

Sentensi ya (4) inamtaja mtenda halisi. Hapa kauli ya kutendwa inafanya kazi ambayo kauli ya kutenda haikuweza kuifanya kwa wepesi: maji, ambayo ndiyo mada ya mazungumzo na ndiyo yanayoonekana, yanabaki mwanzoni mwa sentensi, huku angahewa, ambayo haionekani, ikitambulishwa kwa kiunganishi na. Mzungumzaji halazimiki kuanza na kitu asichokiona msikilizaji wake. Kauli ya kutendeka, kama katika "maji yanavutika", haisaidii, kwa kuwa inamfuta mtenda kabisa.

Hata hivyo, (4) peke yake inamwacha fundi nje, na mwanafunzi anajua kwamba asipovuta mchi hakuna maji yanayoingia. Maelezo kamili yanahitaji vishazi viwili vyenye watenda wawili:

(5) Fundi anavuta mchi na hivyo kupunguza kanieneo ndani ya bomba. Angahewa inayasukuma maji kuingia.

Sentensi ya (5) inagawa kazi kama ilivyogawanyika katika uhalisia. Kitenzi kuvuta kimebakia, ila yambwa yake sasa ni mchi. Ni mabadiliko madogo ya kisintaksia, lakini ndiyo yanayotofautisha maelekezo ya kazi na ufafanuzi wa sababu. Anayeelekeza mtu kujaza bomba anaweza kusema "vuta maji" bila madhara, na hakuna haja ya kumsahihisha. Madhara huanza pale usemi wa maelekezo unapohamishiwa, bila kubadilishwa, katika jibu la swali linaloanza na "kwa nini".

Isidhaniwe kwamba tatizo hili ni la Kiswahili. Wanafalsafa wa Ulaya walieleza pampu kwa karne nyingi kwa kudai kwamba maumbile yanachukia ombwe, na kwa hiyo maji hukimbilia kulijaza. Dai hilo lilimpa mtenda asiyekuwapo, yaani chuki ya maumbile, kazi ya mtenda asiyeonekana, yaani hewa. Lugha zote zinazozungumza juu ya kunyonya zinakabiliwa na mtego huohuo, kwa sababu lugha huzaliwa katika matendo ya mwili kabla ya kufika maabara. Anayekunywa maji ya dafu kwa mrija anahisi kwamba mdomo wake unayavuta, na hakuna hisi inayomwambia vinginevyo.

6.0 Kutoka Bomba la Mwanzi hadi Kisima

Mtu anayeamini sentensi ya (1) au ya (2) hufikia hitimisho lenye mantiki: ikiwa kusukuma kwa nguvu zaidi hurusha maji mbali zaidi, basi kuvuta kwa nguvu zaidi huyapandisha juu zaidi. Hitimisho hilo si sahihi, na kisima ndicho kinacholipinga.

Galileo Galilei, katika kitabu chake cha mwaka 1638 kuhusu sayansi mpya mbili, alieleza pampu iliyoshindwa kupandisha maji zaidi ya dhiraa 18 hivi, takriban mita 10. Alidhani kwamba nguzo ya maji hukatika kwa uzito wake, kama kamba ndefu inayoning'inia. Fikra yake ilibaki ndani ya picha ya kuvuta. Evangelista Torricelli, kwa jaribio la zebaki la miaka ya 1643 na 1644, aliigeuza picha hiyo: binadamu wanaishi chini ya bahari ya hewa, na uzito wa bahari hiyo ndio unaosimamisha nguzo ya zebaki yenye urefu wa sentimita 76 hivi. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, hivyo hewa hiyohiyo inaweza kusimamisha maji ya mita 10.3 tu. Mwaka 1648, kwa maelekezo ya Blaise Pascal, shemeji yake Florin Périer alipanda na zebaki mlima wa Puy de Dôme nchini Ufaransa na kuona nguzo ikipungua kadiri alivyopanda. Kama ombwe lingekuwa linavuta, kimo cha mlima kisingebadilisha chochote.

Kwa Afrika Mashariki matokeo hayo si historia tu. Katika Dar es Salaam au Mombasa, pampu yenye kizibo juu ya ardhi haiwezi, hata kinadharia, kupandisha maji zaidi ya mita 10.3. Jijini Nairobi, lililo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, na kikomo hushuka hadi mita 8 na kitu. Kwa sababu ya uvujaji na msuguano, katika matumizi ya kawaida pampu za namna hiyo hutegemewa kwa kina cha mita 7 hivi. Kisima chenye kina kirefu zaidi hakihitaji mkono wenye nguvu wala injini kubwa juu ya ardhi. Kinahitaji kizibo kishushwe chini majini, ili maji yasukumwe kutoka chini badala ya kungojea kusukumwa na angahewa. Hivyo ndivyo ilivyo pampu ya mkono ya Afridev, iliyoendelezwa katika miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanyika, miongoni mwa mahali pengine, Kwale katika pwani ya Kenya. Silinda yake huzamishwa kisimani, na pampu hutumika katika visima ambavyo maji yako hadi mita 45 chini.

Hapa ndipo uchaguzi wa kitenzi unapokuwa na gharama. Kamati ya maji ya kijiji inayoambiwa kwamba pampu yake "haina nguvu ya kuvuta" itatafuta pampu ya juu ya ardhi yenye nguvu zaidi, itachanga fedha, na itapata matokeo yaleyale. Kamati inayoelewa kwamba maji husukumwa na hewa, na kwamba hewa ina kikomo, itauliza swali lenye manufaa: kizibo kiko wapi, juu au chini?

7.0 Matumizi na Mipaka ya Bomba

Bomba la mwanzi linafaa kumwagilia miche kitaluni kwa kipimo, kutia mafuta kwenye bawaba na minyororo, kusafisha mashimo membamba yenye vumbi, na kufundishia. Halifai kwa tiba ya aina yoyote. Halipaswi kuingizwa sikioni, puani, jichoni wala kwenye jeraha, na halipaswi kutumiwa kumpa mtoto mchanga maziwa au dawa. Mwanzi una vinyweleo na kitambaa kina nyuzi, na vyote huhifadhi vijidudu ambavyo kuosha kwa kawaida hakuviondoi. Bomba lililotumiwa kwa viuatilifu lisitumiwe tena kwa kazi nyingine.

Tahadhari nyingine inahusu mbadala unaoonekana rahisi zaidi. Mabomba ya sindano yaliyotupwa na vituo vya afya huwavutia watoto, kwa kuwa yamekwishatengenezwa na yana alama za ujazo. Mabaki ya damu ndani yake yanaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B na C pamoja na virusi vya UKIMWI, na sindano ikiwapo, mchomo mmoja unatosha kuambukiza. Mwalimu anayefundisha utengenezaji wa bomba la mwanzi anampa mtoto sababu ya kutookota yale mengine, mradi tahadhari hiyo isemwe waziwazi na mapema.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba bomba sahili linaweza kutengenezwa na kupimwa kwa vifaa vya nyumbani, na kwamba utendaji wake unaelezeka kikamilifu kwa Kiswahili. Kutokana na uchambuzi uliofanyika, mambo matatu yanapendekezwa kwa waandishi wa vitabu na walimu wa sayansi. Kwanza, mchi na kizibo vipewe majina tofauti, ili kasoro ziweze kutajwa zilipo. Pili, kitenzi kuvuta kikitumika katika ufafanuzi, yambwa yake iwe mchi na si maji. Tatu, jibu la swali la sababu litaje angahewa kwa jina, ama kama kiima cha kusukuma, ama kwa kauli ya kutendwa yenye na. Mtahini anayesahihisha jibu la mwanafunzi anaweza kutumia vigezo hivyohivyo: jibu lisemalo "bomba lilinyonya maji" linaeleza kilichoonekana, ilhali jibu lisemalo "maji yalisukumwa na hewa ya nje kwa kuwa kanieneo ya ndani ilipungua" linaeleza kilichosababisha. Alama za ufafanuzi zinastahili kutolewa kwa jibu la pili pekee.